Jumamosi Kumi Ambazo Sikupima

Ukimwambia Mpimaji kwamba umenunua karibu kilo ya nyanya, alisimama pale pale njiani na kukuuliza hiyo karibu ni kiasi gani. Hakuwa anakudhihaki. Alitaka kujua kweli, na alikuwa radhi kungoja mpaka mwenye kibanda achoke na kuzirudisha nyanya kwenye mizani. Akina mama wauza mboga wa mtaa wetu hapa Nakuru walimwogopa kuliko askari wa kanjo wanaofukuza wachuuzi. Wakiiona kofia yake ya sufu inakuja, walianza kupanga mafungu upya.

Namwita Mpimaji kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, kupima mito kwa niaba ya idara ya maji, kuanzia Subukia mpaka Gilgil, hadi walipompa barua ya kustaafu. Tulikuwa majirani ukuta kwa ukuta kwenye nyumba za zamani karibu na reli. Mimi nilikuwa nafundisha hesabu katika shule ya msingi ya kibinafsi. Yeye aliniita Mwalimu, mimi nikamwita Mzee. Nilimkosea mtu huyu, na afadhali niseme mapema, kwa sababu kila ninachokikumbuka juu yake sasa hupitia kwenye kosa lile kwanza, hata mambo ya kuchekesha.

Nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo wenzake walipanda sukuma wiki, alikuwa na mfereji wa mbao wenye urefu wa mita nne, umeinamishwa juu ya matofali. Ndani yake alikuwa amemwaga mchanganyiko wa mchanga laini na saruji kidogo mno, ukakauka bila kuwa mgumu, hata ukucha uliweza kuukwaruza. Huo ndio ulikuwa mwamba wake. Upande wa juu kulikuwa na pipa lenye bomba, upande wa chini karai. Maji yakijaa kwenye karai aliyachota kwa mkebe na kuyarudisha kwenye pipa, asubuhi nzima, na mgongo wake unamlalamikia. Katikati ya safari hizo aliketi na kijiko cha chai akitia mchanga majini na kuhesabu kwa sauti. Wapangaji wapya walidhani ana kichaa. Sisi wa zamani tulidhani hivyo pia, ila tulikuwa tumemzoea.

Siku aliyonieleza, alifungua bomba bila kutia mchanga wowote. Maji yalipita, na ule mwamba wa saruji ukabaki vile vile.

"Maji peke yake hayana meno," alisema. "Sasa weka kijiko kimoja. Polepole, Mwalimu, si unalisha kuku."

Niliweka. Chembe ziliruka-ruka juu ya saruji, na baada ya robo saa kukawa na mkwaruzo mwembamba ambao aliupima kwa waya. Kisha akaniambia niweke vijiko kumi kwa mpigo. Mchanga ukalala chini, maji yakapita juu yake, na saruji haikuguswa tena.

"Umeona? Ikiwa kidogo ni meno. Ikiwa mingi ni blanketi. Mwamba imelala chini ya blanketi, nani ataiuma?"

Swali lililomnyima usingizi lilikuwa la kinyume chake. Ukilivuta blanketi polepole, ni lini mwamba unaanza kuliwa, na unaliwa kwa kasi gani? Kutokana na vijiko vile alikuwa ametunga hesabu, akiingiza mteremko, wingi wa maji, wingi wa mchanga na ugumu wa jiwe, ili mtu akijua kilichopo mtoni leo aweze kukadiria mwamba utakavyokuwa mvua zikiisha. Mimi nilimsaidia kwenye hesabu za logi, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka na yale majedwali yenye tarakimu ndogo. Nilijivunia sana hilo. Darasani nilikuwa narudia sehemu zilezile kila muhula, na hapa palikuwa na mtu aliyenihitaji kwa jambo ambalo hakuna mtaani aliyeliweza.

Msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Katika drafti alikuwa mwizi asiye na haya. Alicheza na mwenye duka la hadiwea, Singasinga mmoja mzee aliyempa mbao zilizopinda na saruji iliyoanza kuganda, vitu ambavyo asingeweza kuviuza. Mwenzake akigeuka kumhudumia mteja, Mpimaji alisogeza kete bila hata kuficha mkono.

"Huyu mzee ni mwizi," Singasinga aliniambia mbele yake. "Iko siku mimi nitamfunga. Lakini chukua hii bomba, mpelekee."

Nilipomuuliza imekuwaje mtu anayebishana juu ya milimita aibe kete, alinitazama kama mwanafunzi wa nyuma. "Drafti ni mchezo," alisema. "Hakuna mtu anavuka mto juu ya drafti."

Alikuwa mchoyo wa sifa pia. Katika miaka minne ya ujirani alinisifu mara moja tu, na hata hiyo ilikuwa juu ya chai. Alikuwa na hasira za karibu, akiona mtu amekanyaga waya zake aliweza kukasirika mpaka Jumatano. Lakini akikosea mwenyewe alisema nimekosea kwa wepisi uliotushangaza, kama mtu anayetoa jiwe kwenye kiatu, halafu anaendelea na safari. Mimi sijawahi kuwa na wepisi huo. Nikikosea ubaoni, huwa nafuta haraka kabla watoto hawajainua macho.

Mto aliouchagua kuujaribia hesabu zake ulikuwa kwetu, Kabazi. Ni kijito tu, lakini kinashuka kwa kasi juu ya mwamba wa kijivu wa majivu ya volkano, jiwe laini ambalo mafundi hulichonga kwa shoka. Kulikuwa na daraja la miguu hapo, lenye nguzo moja katikati iliyojengwa juu ya mwamba huohuo, na kila asubuhi watu walivuka juu yake kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Kuizunguka nguzo kulikuwa na tabaka nene la kokoto na mchanga, na juu kidogo ya hapo trekta zilikuwa zimeanza kuchota mchanga wa kujengea. Mpimaji alilitazama tabaka lile siku ya kwanza, akagonga mwamba kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti maji, na akasema, "Hii blanketi ikiisha kabla ya masika, hiyo nguzo itakuwa na maneno."

Aliwaambia hivyo wanachama wa kituo cha maziwa pia, mwezi wa tisa mwaka 2007. Wakakubaliana kwamba yeye apime mpaka Machi. Akikuta kokoto zinapungua kama hesabu zake zilivyosema, trekta zingesimamishwa na kila mwanachama angeleta mawe makubwa ya kuizungushia nguzo kabla mvua ndefu hazijafika. Ilikuwa kazi nzito kwa watu wenye ng'ombe na mashamba, na hawakutaka kuifanya kwa hofu za mzee mmoja wa Nakuru. Walitaka namba.

Basi kila Jumamosi tulikwenda. Tulikuwa na nondo nyembamba yenye alama, unaichomeka kwenye kokoto mpaka igonge mwamba, unasoma kina. Sehemu sita kuizunguka nguzo, kila moja mara tatu. Mimi nilisoma, yeye akaandika, kisha tukabadilishana, kwa sababu hakuamini jozi moja ya macho, hata yakiwa yake. Baadaye tulikunywa chai kwa mama, naye mama akamcheka jinsi alivyopima majani ya chai. Kufikia Desemba kokoto zilikuwa zimeshuka kutoka sentimita arobaini na mbili hadi thelathini na tano. Mfereji wake ulikuwa umesema thelathini na nne. Alitembea siku nzima akijipigia mluzi.

Halafu ukaja ule mwaka mpya, na machafuko ya baada ya uchaguzi. Sina haja ya kuwaeleza watu wa huku ulivyokuwa. Wazazi wa Mpimaji walikuja na kazi ya reli kutoka magharibi, na jina lake lilitosha kumtia hatarini. Siku ya tatu ya Januari alinipa nondo na funguo za nyumba, mkoba mmoja mkononi, akaenda kujihifadhi kwa dada yake upande wa Kakamega. Hakuniambia nilinde redio wala viti.

"Mto haujui mambo ya kura," alisema. "Ukiweza Jumamosi, enda. Ukishindwa, niambie umeshindwa."

Hayo ndiyo maneno aliyoniachia. Nimeyarudia mara nyingi, na kila mara sioni mahali ambapo ningeweza kumwelewa vibaya.

Jumamosi ya kwanza nilijaribu. Gari nililopanda lilifika kwenye magogo yaliyolazwa barabarani, vijana wakataka vitambulisho, na mmoja wao akaiona nondo yangu na kuniuliza naenda kumpiga nani. Nilirudi nyumbani. Jioni simu ikalia, ujumbe kutoka kwake: "Mwalimu, umefika? Mto unasemaje?" Nilimfikiria amekaa huko kwenye nyumba ya watu, hana mfereji, hana mwenzake wa drafti, anangoja namba sita. Nikamwandikia namba sita. Thelathini na nne, thelathini na tano, thelathini na tatu. Mwalimu wa hesabu anajua kudanganya vizuri. Sikuzilinganisha mno, niliziachia tofauti ndogo ndogo ili zifanane na mto.

Jibu lake lilikuja upesi: "Wewe ni jasiri kuliko wanaume wote wa idara."

Mtu asiyesifu alikuwa amenisifu. Nililala na maneno yale kwenye simu kama msichana aliyepata barua. Jumamosi iliyofuata nikatuma tena, na iliyofuata.

Nikitaka kujitetea, nasema barabara zilikuwa mbaya, na ni kweli, kwa Jumamosi sita zilikuwa mbaya. Lakini tangu katikati ya Februari magari yalikuwa yanapita. Jumamosi nne za mwisho hazikuwa za hofu. Nilikuwa nimemwambia kokoto hazipungui, na kama zilikuwa zimepungua, namba moja ya kweli ingeziumbua zote za nyuma.

Na nilijua. Hilo ndilo sikuwahi kumwambia hata mama. Jumamosi ya kwanza ya Machi nilikwenda Kabazi kumwona, nikavuka daraja kwa miguu yangu mwenyewe nikiwa na mkate na sukari kwenye mfuko. Maji yalikuwa machache. Trekta zilikuwa zimechota hadi karibu na daraja, hakukuwa na mtu wa kuwauliza madereva miezi ile. Kuizunguka nguzo hakukuwa na kokoto hata za kujaza kofia. Mwamba ulikuwa mtupu, wa kijivu, umeanza kung'aa. Waliovuka na maziwa alfajiri walitazama mbele, si chini ya nguzo. Nilisimama pale kwa muda. Kisha nikaenda kwa mama tukanywa chai, na jioni nikatuma: thelathini na tatu, thelathini na nne, thelathini na mbili.

Alirudi katikati ya Machi, amekonda, na mvua zilikuwa zimetangulia. Siku hiyohiyo tulikwenda mtoni, lakini maji yalikuwa yamejaa, rangi ya chai ya maziwa, na nondo haikusimama. Hakuweza kuona chochote. Alirudi nyumbani akafungua bomba la mfereji, akatia vijiko kuanzia namba za Desemba, kulingana na trekta alizoambiwa zimepita. Mfereji ulimwambia blanketi liliisha tangu Februari. Akarudia. Ukamwambia vilevile. Siku ya tatu alikuja mlangoni kwangu na daftari.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nilipima mwenyewe, Mzee."

"Mara tatu tatu?"

"Mara tatu tatu."

Alitikisa kichwa, si kwa kunikatalia. "Basi mfereji ndio unadanganya," alisema, na akaketi kwenye ngazi yangu kuyarekebisha makosa ambayo hakuwa ameyafanya. Nilimpikia uji. Ndiyo yote niliyofanya.

Kwenye mkutano wa kituo cha maziwa alisimama akasema, "Mwezi wa tisa niliwatisha. Nilikosea. Kokoto bado ziko, mawe inaweza kungoja mpaka mwisho wa mwaka." Watu walipiga makofi, wengine kwa kuokolewa na kazi. Mimi niliketi nyuma karibu na mikebe, nikapiga makofi pia.

Daraja liliinama mwezi wa tano, asubuhi. Mwamba chini ya nguzo ulikuwa umeliwa upande mmoja, na nguzo ikalala. Juu yake alikuwepo mchukuzi wa maziwa, jirani ya mama, pamoja na punda wake. Punda alikufa. Mchukuzi alivunjika mguu mahali pawili, na haukuunga vizuri. Kilichonikata maini ni kwamba mama yangu alikuwa amevuka dakika kumi kabla.

Watu walimwita Mpimaji wamsikilize. Nilikuwepo. Mmoja alisema, "Ni wewe ulituambia." Mwingine akasema maneno mabaya juu ya kabila lake, kwamba ametaka wafe. Hakujibu hilo la pili. La kwanza alilijibu: "Ndio, ni mimi niliwaambia." Macho yake yalipita juu yangu bila kusimama, kwa sababu hakuwa na sababu ya kunishuku. Nilingoja mtu aseme neno litakalonirahisishia kusimama, na halikusemwa.

Wiki ile nilisikia shoka upande wa pili wa ukuta. Sikuhitaji kuchungulia. Nilihesabu mapigo mpaka nikajua kwamba mita zote nne zimekwisha, na sikutoka nje. Mwisho wa mwezi alihama, hakusema anakwenda wapi, na mimi sikumuuliza. Niliona nafuu alipoondoka. Naandika hilo hapa kwa sababu ni kweli.

Sikwenda Kabazi tena mpaka Oktoba. Mama alinipigia simu akilalamika kuwa nimemtupa, na katikati ya malalamiko akasema, "Na yule mzee wako bado anabeba maziwa." Sikumwelewa. Akanieleza kwamba Mpimaji alikuwa amepanga chumba nyuma ya kituo tangu mwezi wa sita, na kila asubuhi anabeba maziwa ya yule mchukuzi, mgongoni, akivuka mto kwa mawe kwa kuwa daraja halijajengwa. Hakutaka malipo. Aliwaambia mguu ule ni deni lake.

Nilifika Jumamosi, kama saa mbili asubuhi. Alikuwa upande wa pili wa mto anarudi na mkebe mtupu. Mtu asiyejua kuogelea, anajaribu kila jiwe kwa kidole kabla ya kulikanyaga. Nilitaka kumpa mkono, akaukataa, akafika, akaketi juu ya mwamba akihema.

"Mwalimu," alisema. "Umepotea."

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilianza na magogo barabarani na nikamaliza na mkate na sukari. Sikulia, nilikuwa nimeapa sitalia ili asije akanihurumia. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa daftari. Alikuwa bado anatembea nalo. Akafungua ukurasa wa Januari, akanipa kalamu.

"Futa," alisema. "Kila ambayo hukupima, weka mstari, na uandike haikupimwa."

Nilipiga magoti nikiweka daftari juu ya jiwe. Haikupimwa. Haikupimwa. Alikuwa akisimamia kila mstari kwa macho. Nilipofika Machi mosi akaweka kidole chake juu ya tarehe.

"Hiyo uliona?"

"Niliona."

"Uliona nini?"

"Mwamba mtupu."

"Basi hiyo haifutwi. Andika sifuri."

Niliandika sifuri mara sita. Alilichukua daftari akaliweka karibu na macho, na nikaona midomo yake inapiga hesabu kimyakimya, kutoka thelathini na tano za Desemba hadi sifuri.

"Kumbe ilikuwa inasema ukweli," alisema. Alimaanisha mfereji. Sauti yake haikuwa na furaha wala hasira, na akalifunga daftari taratibu sana. "Na mbao zake zote nimepikia githeri."

Nilisema naomba msamaha. Alisimama, akajishika kiuno, akauinua mkebe. Nilinyoosha mikono niuchukue.

"Wacha," alisema. "Hii mzigo naijua. Mimi ushaniambia. Lakini si mimi nilivunjika mguu."

Akanionyesha kwa kidevu nyumba ya mchukuzi, juu ya kilima, mlango wazi. Kisha akageuka kuelekea kituoni bila kuniaga.

Nilipanda peke yangu. Mchukuzi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, mguu mmoja ameunyoosha mbele yake, anamenya viazi. Aliniona kutoka mbali na akaanza kutabasamu, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa jirani, mwalimu wa mjini.

"Karibu, Mwalimu. Umepitana na mzee wetu huko chini? Huyo mtu ana roho mbaya na yeye mwenyewe. Mimi nilishamsamehe zamani, lakini hataki kusikia."

Niliketi chini, kwenye maganda ya viazi, ili nisiwe juu yake. Nikamwambia.